Kompyuta Haijazeeka, Imeelemewa

Huku Ruanda, mkoani Songwe, kompyuta ya nyumbani ikianza kujikokota huhukumiwa kwa uzee, na mwenye nayo huanza kupigia hesabu kahawa ya msimu ujao ili anunue mpya. Ushahidi hausemi hivyo. Taa ya diski inayometameta bila kukoma ni dalili ya lundo la programu zilizojiwasha zenyewe na kupanga foleni kama malori mpakani Tunduma. Zizimwe, vumbi lipulizwe kwenye feni, diski inayozunguka iipishe SSD, RAM ya GB 4 iwe 8: mashine ya mwaka 2012 itawaka kwa sekunde, si kwa dakika. Mtasema Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kweli, na usalama si mzaha. Lakini mfumo endeshi wa Linux ni wa bure, na yapo matoleo mepesi ambayo mashine kongwe huyamudu. Mtasema tena kipya kinyemi. Naam, mpaka kijazwe vikorokoro vilevile. Asiyejua kufuta kitu atauza kahawa kila msimu, na kila msimu mwenye kosa atakuwa kompyuta.