Feni, Mpwa Wangu na Tarehe 22 Julai 1920

Nyumbani kwangu kuna mwanasheria. Hajamaliza hata muhula wa kwanza wa diploma ya biashara, ila mojawapo ya masomo yake ni Sheria ya Biashara, na ada naitoa mimi. Kwa hiyo kila anachofundishwa asubuhi nakipata jioni, bila kukiomba, sahani ya ugali ikiwa mapajani.

Ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Zamani alikuwa akisema "Shikamoo mjomba," naitikia, yanaisha. Siku hizi marahaba yangu haijatua, ameshaanza: "Mjomba, unajua sheria inatoka wapi?"

Mimi nilijua inatoka Dodoma. Kumbe Dodoma ni kituo kimoja tu. Kuna Katiba ya 1977, ambayo ndiyo baba wa wote. Chini yake kuna sheria za Bunge, halafu sheria ndogo, zile ambazo halmashauri inakutozea ushuru wa fungu la mchicha. Kuna hukumu za mahakama za juu, ambazo mahakimu wa chini sharti wazifuate. Kuna mila. Kuna sheria ya Kiislamu kwenye ndoa na mirathi ya Waislamu. Na mwisho kabisa kuna mgeni aliyekuja kutembea akahamia: sheria ya Waingereza, ile iliyokuwa ikitumika kwao tarehe 22 Julai 1920.

"Kwa nini 22 Julai?"

"Ndiyo tarehe ya amri ya mfalme wao kuhusu Tanganyika, mjomba. Pale sheria zetu zinaponyamaza, tunatazama walichokuwa nacho siku ile. Walichoamua baada ya hapo kwetu ni ushauri."

Nikaacha kutafuna. Mimi siruhusiwi kutumia kadi ya kliniki ya mwaka juzi, lakini taifa zima linatazama kalenda ya 1920. Akaongeza kuwa hata Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ilitungwa 1961 kwa kumfuata dada yake wa India wa 1872. Nikamwambia aniongezee maharage.

Sasa, haya yote ningeyavumilia kama si feni.

Februari ya Dar hamhitaji niwasimulie. Mke wangu nilimwahidi feni tangu Desemba, na alikuwa ananikumbusha kwa kujipepea na daftari la VICOBA kila nikikaa karibu. Mpwa akanipa silaha. Kuna bwana mmoja Mwingereza, Balfour, alikuwa na kazi Ceylon. Mkewe akabaki Uingereza kwa sababu ya afya, naye akamwahidi pauni 30 kila mwezi. Baadaye wakakorofishana, mke akashtaki. Mwaka 1919 mahakama ya rufani ikasema ahadi za mume na mke, wakiwa bado wanaishi vizuri, si mkataba. Hawakukusudia kupelekana mahakamani. Elfu moja mia tisa kumi na tisa! Imewahi meli kwa mwaka mmoja.

Nikaenda jikoni nikaisoma kesi yote, na pauni zake. Mke wangu akanisikiliza hadi mwisho, akageuza samaki, akasema, "Sawa, baba. Na mimi kukupikia, kuna mahali nilitia sahihi?"

Jumamosi asubuhi nilikuwa Kariakoo.

Nilimchukua mpwa anibebee, si anitetee. Tukafika kwenye duka moja limejaa feni za kusimama, zote zimegeuza shingo kama zinamsubiri bibi harusi. Moja imebandikwa 55,000. Nikachomoa pesa. Mpwa akanishika mkono: bei iliyobandikwa si ofa, ni mwaliko tu, ofa unaitoa wewe mnunuzi. Mimi mtaani kwetu nikisikia ofa najua kuna mtu ananinunulia soda. Kumbe darasani ofa ndiyo naitoa mimi, na soda hakuna.

Nikasema 40,000. Yule kijana akacheka, "Mzee wangu, kwa heshima yako, 48, nakufungia." Nikasema 42. Akakataa. Nikafanya kile ambacho kila mtu anakifanya Kariakoo: nikaondoka taratibu, huku nasikilizia kuitwa. Sikuitwa. Nikazunguka mtaa mzima, jua la saa saba, nikarudi na jasho langu nikasema haya, lete kwa 48.

"Mzee, sasa hivi ni 52."

Nikamgeukia mwanasheria wangu. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kitabuni. Hii iliamuliwa Uingereza mwaka 1840. Mtu alipewa ofa ya shamba kwa pauni 1,000, akasema 950, akakataliwa, akarudi kusema basi nachukua kwa 1,000. Mahakama ikamwambia ile ofa ya kwanza uliiua mwenyewe ulipotaja 950. "Kwa hiyo 48 yake uliiua wewe, mjomba, uliposema 42."

Nikalipa 52. Muuzaji akaichomeka feni kwenye soketi, ikazunguka, ikatupepea sote. Nikapewa kikaratasi.

Usiku wa tatu feni ilitoa harufu ya waya unaoungua, ikaguna, ikasimama.

Njia nzima ya kurudi Kariakoo mpwa wangu alikuwa na furaha ambayo haikunipendeza. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, alisema, inaingiza masharti kwenye kila mauzo hata kama hakuna aliyeyatamka: kitu kiwe cha muuzaji kweli, kilingane na maelezo, kiwe na ubora wa kuuzika. Feni ya siku tatu haina ubora wa kuuzika. Kesi imekwisha.

Muuzaji akamsikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Dogo, hapa dukani ilizunguka, haikuzunguka?" Ilizunguka. Akanyoosha kidole ukutani, nyuma ya pasi na majagi ya umeme, penye ubao wa rangi nyekundu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Hapo ndipo mpwa alipong'ara, nami nikaona ada yangu inafanya kazi. Akaeleza habari ya hoteli moja ya Uingereza iliyobandika tangazo chumbani kwamba haihusiki na mali ya mgeni ikiibwa. Mama mmoja akaibiwa koti la manyoya. Mahakama ikasema mwaka 1949: tangazo aliliona akiwa ameshakubaliana nanyi pale mapokezi, halimfungi. (1949 ni ushauri tu, najua, lakini ni ushauri mzuri.) Akanigeukia mbele ya wateja wote, na sauti ya mahakamani:

"Mjomba, tangazo hili uliliona lini?"

Ningeweza kusema baada ya kulipa. Ni kweli lilikuwa nyuma ya pasi. Ila watu walikuwa wananitazama, na mimi nilishapita umri wa kusahihishwa na wajukuu.

"Hili? Hili nalijua tangu naanza kusoma."

"Umeona?" akasema muuzaji. "Hata babu yako anaijua hii."

Mpwa akanyamaza kitambo, kisha akaninong'oneza kwa uchungu kwamba sheria hiyohiyo inaruhusu yale masharti yaondolewe kwa makubaliano, au kwa mazoea ya biashara. Kwa maneno mengine nimeshatoa ushahidi dhidi yangu mwenyewe, tena bure. Bunge, Mfalme na Wahindi wote wamepigwa chini na kopo la rangi nyekundu.

Muuzaji si mtu mbaya. Alinielekeza kwa fundi wake, kibaraza cha pili. Fundi akaifungua feni, akaitazama kama daktari anayemjua mgonjwa tangu utotoni, akasema ni koili, 15,000, njoo kesho. Kesho yake akasema koili haijapatikana. Hiyo ni wiki ya nne sasa.

Juzi nilipopita nikaona juu ya meza yake kipande cha boksi kimeandikwa kwa peni: KIFAA KISICHOCHUKULIWA NDANI YA SIKU 30 KITAUZWA. Nimehesabu, leo ni ya 26. Nimemuuliza mpwa wangu kama jambo hilo lipo kisheria. Anasema lipo, linaitwa amana, lipo sura ya saba, na wao wamefika ya tatu.