Mchele wa Mama Kanga

Katika bonde la Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako mvua ni nyingi na mpunga hunukia ungali shambani, wanyama walianza kula mchele wa ng'ambo. Fisi aliuleta kwa malori: mweupe, hauna chenga, na bei yake iko chini. Mpunga wa Mama Kanga ukadoda ghalani.

Mzee Tembo akapiga ngoma. "Wanangu, kuleni cha kwenu! Anayenunua kwa Fisi anaisaliti nchi!" Wanyama wakashangilia hadi vumbi likatimka, kisha wakaelekea dukani kwa Fisi. Jikoni kwa Tembo mwenyewe lilisimama gunia la Fisi, limekwisha nusu.

Mama Kanga hakwenda kushtaki. Alipiga hodi nyumba kwa nyumba.

"Shikamoo, Mzee Nyani. Mbona siku hizi huji kwangu?"

"Marahaba, mwanangu. Mchele wako mtamu, ila una mawe. Tazama jino hili."

Swala alilalamikia kibaba cha Kanga, eti kina kitako kinene. Sungura, mwenye watoto tisa, alisema hawashibi kwa kuipenda nchi. Nami naamini kosa la wapiga ngoma ndilo hilo: humhubiria mnunuzi kabla ya kumsikiliza.

Mavuno yaliyofuata, Kanga alipuria mpunga juu ya turubai, si kwenye udongo. Akanunua mizani. Siku ya soko alikoboa mbele ya wateja, akawapimia akina Sungura chenga kwa bei nafuu, akainjika chungu palepale. Mchele uliokaa miezi melini na ghalani hupoteza harufu. Huu wa asubuhi ulinukia hadi barazani kwa Tembo.

Fisi naye akaandika "Kyela" kwenye magunia yake, hila ambayo hata masoko ya binadamu yanaijua. Yakauzika.

Siku moja Nyani alipata jiwe katika mchele wa Kanga, akalirudisha sokoni kiganjani. Kanga akamwomba radhi, akampimia kilo nyingine. Juma hilohilo Swala alikuta gunia la Fisi lina ukungu. Dukani akaelekezwa kwa dalali. Dalali akasoma maandishi ya gunia, akamwambia, "Wafuate wenyewe, huko Kyela."

"Hapa ndipo Kyela," akasema Swala, akaenda kupanga foleni kwa Mama Kanga, nyuma ya mpishi wa Tembo.