Kitabu cha Karani Bata Bukini

Paliondokea ufalme katika bahari ya kusini, wenye mchanga mwekundu usioona mwisho, ukatawaliwa na Farasi na jamaa zake waliofika kwa majahazi. Katika sheria yao ya mwaka 1901, kifungu cha 127 kiliamuru kwamba raia wanapohesabiwa, kina Kangaruu, Kenge na Emu, wenyeji wa mchanga ule tangu enzi na enzi, wasitiwe katika hesabu. Kifungu hicho kilidumu hadi 1967, raia walipopiga kura kikafutwa. Ndipo jumba la Farasi likaanza kutuma makarani.

Huko jangwani palikuwa na maradhi yaanzayo kooni mwa mtoto na kwenda kukaa moyoni, na kinga yake ilikuwa mwiba wa dawa aliouchoma Nungunungu mganga kila siku ya 28, miaka nenda miaka rudi. Karani Bata Bukini akatumwa aandike nani kachomwa na nani hakuchomwa.

Sasa, watu wale walikuwa na mwiko mzito: mtu akifa, jina lake halitajwi, na somo wake aliye hai hulivua jina hilo akaitwa kwa jingine. Binti mmoja wa Kangaruu alifiwa na shangazi yake, somo wake. Akalivua jina, akasafiri siku nne kwenda matangani, na huko, siku ile ile ya 28, akachomwa mwiba wake na mganga mwingine mwenye daftari lake mwenyewe. Kitabuni mwa Bata Bukini binti akawa wawili: mmoja mtoro, mwingine mgeni asiyejulikana atokako. Karani akaandika kwamba watu wa mchangani hawaitaki dawa, na jumba zima likasadiki. Nami kila nisimuliapo hapa roho huniuma, maana binti yule hakukosa hata mwiba mmoja.

Farasi akaagiza kitabu kinene zaidi. Kikajaa, kikapelekwa, kikaja kingine, nacho kikaenda.

Siku moja Bibi Kenge akamuuliza Bata Bukini, "Bwana Karani, vitabu vyetu hulala wapi?"

"Jumbani, Bibi, chini ya kufuli."

"Nasi tuliotoa habari za miili ya watoto wetu, tutaambiwa lini hali yao ikoje?" Bata Bukini akanyamaza. "Mjukuu wangu anajua kuandika. Anajua nani kafiwa, nani kavua jina, nani yuko safarini na atarudi lini. Mpe yeye kalamu, kitabu kilale hapa kwetu, na hesabu mtaletewa."

"Amri niliyopewa haisemi hivyo, Bibi."

Siku ya 28 ikawadia. Bata Bukini akasimama chini ya mkaratusi, akafungua kitabu, akaita kwa sauti kuu jina la marehemu. Akina mama wakajifunika nyuso. Mzee mmoja akainuka, wakainuka wote, uwanja ukabaki mtupu na vumbi likitua taratibu juu ya kurasa. Binti, aliyekuwa amekaa hatua kumi tu kutoka kwa karani, aliondoka na wenzake ameinamisha kichwa.

Bata Bukini akachovya unyoya wake katika wino, akaandika: hakuja.

Nyuma ya kichuguu, mjukuu wa Bibi Kenge alikwisha kumshika Nungunungu mkono, anampeleka alipo binti.