Jinsi ya Kula Raha za Uswisi kwa Posho ya Mkutano

Umepata mwaliko wa mkutano Geneva, viza imetoka, na posho umeshaipigia hesabu: nusu ya kula huko, nusu ya kununulia bati za nyumba. Vizuri. Sasa sogea karibu, ndugu yangu, maana nchi hii inaweza kumeza bati zako zote kwa sahani mbili za nyama na teksi moja.

Watu wetu wengi wakishaona bei ya kwanza hujifungia hotelini. Wanakula biskuti walizobeba, wanarudi nyumbani wakiifahamu njia moja tu, ya chumbani hadi ukumbini. Huko si kubana matumizi, ni kujinyima. Wahenga walishasema msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Likubali hilo ukiwa bado uwanja wa ndege, halafu fuata hatua hizi.

1. Ipite teksi kama huioni. Uwanja wa ndege wa Geneva una stesheni yake ya treni, na mjini kati, kituo cha Cornavin, ni mwendo wa dakika chache tu. Halafu iulizie kadi ya usafiri. Kila mgeni anayelala hotelini, hosteli au kambini Geneva hupewa kadi ya kupanda tramu, basi na treni za jimboni bila malipo kwa muda wote wa kukaa kwake. Usiombe kwa unyonge. Kodi ya utalii imo kwenye bili yako ya malazi. Basel na Bern nako wageni hupewa kadi kama hiyo, na jimbo la Ticino limekuwa likiitoa tangu 2017.

2. Panda boti upige picha. Kadi hiyohiyo inakubalika kwenye Mouettes, boti ndogo zinazovusha watu ziwani. Kaa upande unaotazama Jet d'Eau, ile chemchemi inayorusha maji juu kiasi cha mita 140. Piga picha yako, weka status. Huko nyumbani watadhani umekodi boti. Waache wadhani.

3. Kunywa maji ya mtaani. Chupa ya maji mgahawani itakugharimu faranga kadhaa, na nje ya mlango wa mgahawa huohuo kuna chemchemi ya jiwe inayotiririka maji safi usiku na mchana. Zürich peke yake ina zaidi ya 1,200. Beba chupa tupu, ujaze, uendelee na safari. Ukikuta kibao cha “eau non potable” au “kein Trinkwasser”, hayo si ya kunywa. Mengine yote ni yako.

4. Mchana kula kama bosi, jioni kama mwanafunzi. Mgahawa uleule unaokutisha jioni huwa na chakula cha siku wakati wa mchana, sahani moja kwa bei nafuu. Uliza “plat du jour” ukiwa Geneva, “Tagesmenü” ukiwa Zürich. Agiza kwa sauti ya kujiamini, kana kwamba ndicho ulichokuwa unakitaka tangu asubuhi.

Jioni nenda kwenye maduka ya Migros au Coop. Migros ilianzishwa na Gottlieb Duttweiler mwaka 1925 kwa malori matano yaliyozunguka mitaa ya Zürich yakiuza kahawa, mchele, sukari, tambi, mafuta ya nazi na sabuni kwa bei ya chini kuliko madukani. Kazi yake ilianzia kwa watu wa mfuko kama wako, kwa hiyo ingia bila haya. Tafuta vifungashio vya kijani vya M-Budget, chapa yao ya bei nafuu. Kule Coop tafuta Prix Garantie. Ukifika duka linapokaribia kufungwa, utakuta mikate na saladi zimebandikwa punguzo la asilimia 50. Lakini angalia saa: maduka hufungwa mapema, na Jumapili mengi hayafunguliwi kabisa isipokuwa ya stesheni. Ukishanunua, usile chumbani umejificha. Kaa ufukweni mwa ziwa. Wenye suti nao hukaa hapo na mikate yao.

5. Vuka mpaka kwa miguu. Panda tramu namba 17, shuka Moillesulaz, tembea hatua chache: uko Ufaransa, na bei zimeshuka. Uswisi imo kwenye eneo la Schengen tangu 2008, kwa hiyo viza yako inatosha. Pasipoti iwe mfukoni, maana ukaguzi hutokea. Ukirudi na nyama isizidi kilo 1 kwa mtu, na tangu 2025 bidhaa zote zisizidi faranga 150, la sivyo utalipia kodi.

6. Izidi akili kalenda, si mkaguzi. Stesheni za Uswisi hazina mageti, na hapo ndipo shetani hukunong'oneza kwamba unaweza kupanda bure. Usimsikilize. Mkaguzi hupita, faini ni nzito, na jina lako huandikwa. Umekwenda huko kwa barua ya ofisi. Ujanja wa kweli ni kuwahi. Kuna tiketi ya siku nzima ya bei nafuu inayoanza kuuzwa miezi 6 kabla, na bei yake hupanda kadiri siku inavyokaribia. Viza imeshatoka, kwa hiyo inunue leo. Kwa tiketi moja utapanda treni, mabasi na boti nyingi za nchi nzima kuanzia asubuhi mpaka usiku.

7. Panda treni ya wenyeji. Watalii hulipia nafasi kwenye Bernina Express, treni ya madirisha makubwa kutoka Chur hadi Tirano, Italia. Wewe panda treni ya kawaida. Inapita reli hiyohiyo na haikudai nyongeza ya kuwekewa kiti. Utavuka daraja la Landwasser lenye kimo cha mita 65, utapanda hadi Ospizio Bernina kwenye mita 2,253, utazunguka juu ya daraja la mawe la duara la Brusio, kisha utashuka Tirano, mita 429 tu. Reli hii imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, na mlima haumuulizi abiria amelipa kiasi gani. Ukiwa Tirano, kula tambi na unywe kahawa kwa bei ya Kiitalia. Kutoka Geneva ni mbali, basi lala Chur usiku wa kwanza.

8. Chagua anasa moja, uilipe kamili. Fondue ya jibini iliyoyeyushwa, jumba la makumbusho, safari ya kileleni kwa gari la kamba, chochote moyo unachokitaka. Moja tu. Toa pesa bila kuzigeuza kwa shilingi, bila kuguna. Kubana matumizi kote huko juu kulikuwa kwa ajili ya saa hii.

Jambo lenyewe ndilo hili: Uswisi hutoza pesa nyingi kwa raha ya kuonekana, na kidogo sana kwa raha ya kuona. Lipia kuona. Na ukirudi ofisini, mwenzako anayefuata usimwambie kwamba Uswisi ni ghali, hilo analijua. Mwambie namba ya tramu.