Vifaranga 300 na Friji ya Mama Rehema

Mke wangu alisema mia. Nalitanguliza hilo kwa sababu yeye mwenyewe hulitanguliza kila tunapopata mgeni, kabla hata chai haijamiminwa.

Alisema mia mwezi wa Januari, siku alipopokea zamu yake ya mchezo wa kuchangiana fedha. Fedha zile zilikuwa tayari zina jina: friji. Kwa bahati mbaya, wiki hiyohiyo mpangaji wetu wa chumba cha uani alihama, kikabaki chumba kitupu cha mita 3 kwa 4, chenye dirisha moja dogo linalotazama ukuta wa jirani. Nikamwambia mke wangu kwamba friji yake inaweza kuzunguka kwanza. Tuiingize kwenye kuku wa nyama, wiki 5 tu, itarudi ikiwa friji na kochi. Alifikiri siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Sawa, Baba Rehema. Vifaranga mia. Asizidi hata mmoja."

Mimi ni mwalimu wa hesabu, jambo ambalo katika kisa hiki halinisaidii. Nilikaa usiku na kalamu. Mita 3 mara 4 ni mita za mraba 12, yaani sentimita za mraba 120,000. Ukigawa kwa 300, kila kifaranga anapata 400, mraba wa sentimita 20 kwa 20. Nikakata karatasi ya manila ya kipimo hicho, na vifaranga walipofika nikamtoa mmoja nikamsimamisha katikati yake. Alikuwa na gramu 40 hivi, manjano kama ua la alizeti. Akageuka huku, akageuka kule, akanyea, akasinzia. Pembeni yake palibaki nafasi ya kuwalaza wenzake watatu.

"Mnaona?" nikawaambia watoto. "Huyu ana kiwanja."

Mke wangu hakuwa anatazama karatasi. Alikuwa anahesabu maboksi. Boksi moja huingia vifaranga 100, na sebuleni kwake palikuwa na matatu. Hakusema kitu. Aliingia jikoni, na kwa robo saa nzima nikasikia sufuria zikipangwa upya.

Wiki ya kwanza ilinipa kiburi. Kifaranga wa siku moja hajaweza kujitunzia joto lake, anataka nyuzi 32 au 33 mahali anapolala, kwa hiyo tuliwazungushia uzio wa maboksi kwenye kona moja, majiko mawili ya mkaa juu ya matofali, maranda chini. Katika kona ile walikaa zaidi ya 40 kwa mita moja ya mraba, wala hakuna aliyelalamika. Karibu nusu ya chumba ilikuwa tupu. Nilimwita jirani aje aone. Nilimwita na balozi. Walikufa 6, idadi ambayo mfugaji yeyote huitegemea mwanzoni, na siku ya 7 tukawapa chanjo ya kideri kwenye maji nikijiona bwana mifugo kamili.

Hapo ndipo kuku wa nyama humpata mtu. Anakuja kama tonge la pamba, unapima chumba kwa macho ukimtazama yeye. Lakini katika siku 7 za kwanza peke yake uzito wake hujizidisha mara nne au zaidi, na bado hajaanza kazi. Mimi niligawa chumba siku ya kuingia. Aliyetakiwa kupimwa kwenye karatasi ya manila ni yule atakayetoka.

Siku ya 16 mke wangu aliingia kubadilisha maji, akatoka amenyamaza. Mchana ule akamwita fundi, akazungushia baraza letu wavu wa kuku, mita 2 kwa 2, akamwaga maranda mapya, akachagua kuku 40 akawahamishia pale. Hakuchagua wakubwa, aliokota waliokuwa karibu na mlango. Nikamuuliza wageni watapita wapi.

"Watapitia jikoni," akasema. "Hawa arobaini ni fedha ya friji. Waliobaki ni wa hesabu zako."

Chakula kilitoka kwenye magunia yaleyale, chanjo ileile, maji ya bomba lilelile. Tofauti ilikuwa moja: kwake kuku 10 kwa mita ya mraba, kwangu 21. Sikulijua wakati ule, lakini nyumba yetu ilikuwa imegeuka shamba la majaribio, na mimi ndiye niliyekuwa upande usiofaa wa jaribio.

Wiki ya tatu ikaleta harufu. Kinyesi cha kuku wengi kikilowanisha maranda, vijidudu vilivyomo hukichachua kikatoa amonia, gesi ile inayochoma pua na kutoa machozi. Mimi nilikuwa naingia nakohoa dakika tano, natoka. Kuku anaishi nayo, tena yeye pua yake iko chini, palepale inapotoka. Wangu wakaanza kufumba macho na kupiga chafya. Binti yetu mdogo naye alirudi shuleni akiuliza kwa nini rafiki yake amehama dawati.

Kwenye chakula kulikuwa na vita. Niliongeza vyombo, lakini chombo hakimsaidii kuku asiyeweza kukifikia. Mwenye nguvu akishashiba hulala palepale mbele ya chombo, kwa sababu hana pengine pa kulala, na mnyonge akitaka kula inambidi apite juu ya migongo ya wenzake. Anayekanyagwa anashtuka, anainuka, anamkanyaga mwingine. Kucha zao zikawachana mapajani. Usiku nikimulika tochi kupitia dirishani sikuona kundi lililolala, niliona godoro la manyoya linalopumua na kutetemeka. Kwenye baraza, wale 40 walikuwa wamejinyoosha, mguu mmoja nje kama watu wa likizo.

Katikati ya hayo akaja mama mkwe kutoka Singida. Kwa wasiojua, Singida ndiko kuku wa kienyeji wanakotoka kwa malori kuja kuliwa Dar es Salaam, na mama mkwe hakuja mikono mitupu: alishuka basi na majogoo wawili ndani ya kapu. Alifuatana na mtoto wa dada yake mke wangu, anayesoma sayansi ya wanyama pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), aliyepandia basi hilo njiani Morogoro. Watoto wetu wanne wakahamia sebuleni kwenye godoro moja. Mama mkwe akapitishwa jikoni, akachungulia baraza, kisha akaletwa uani.

"Shikamoo mama," nikasema, nimesimama mlangoni ili asione vizuri.

"Marahaba baba. Hebu sogea." Akatazama kwa muda mrefu. "Mkwe wangu, hawa wameketi au wamemwagwa?"

Binti wa SUA yeye alikuwa na adabu zaidi, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Aliomba ile karatasi ya manila, ambayo watoto walikuwa wamemsimulia njia nzima kutoka kituoni. Akamshika kuku mmoja wa siku 26, akamweka juu. Karatasi haikuonekana. Mkia ulitokeza upande huu, kifua upande ule, na kuku mwenyewe akaketi akihema mdomo wazi.

"Baba mdogo," akasema, "kwa joto la pwani na banda lisilo na mitambo, watu huweka 8 mpaka 10 kwa mita moja. Wengine hawahesabu vichwa kabisa, wanahesabu kilo za siku ya kuuza. Ulaya wameliweka kwenye sheria yao ya mwaka 2007: kilo 33 za kuku hai kwa mita ya mraba, na anayetaka kufika 39 au 42 lazima atimize masharti ya ziada."

Nikapiga hesabu haraka. Kuku 246 waliobaki, tuseme kila mmoja afike kilo moja na nusu, gawa kwa 12. Inakuja kilo 30 na kitu. "Basi mimi niko ndani ya sheria ya Ulaya!"

"Kule wana mafeni makubwa kama milango, baba mdogo. Wewe una dirisha."

Mama mkwe alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Hesabu nyingine akanipa jioni, tukila. Kuku wa kilo moja hutoa joto la takriban wati 10 usiku na mchana. Kuku 246 ni zaidi ya wati 2,400, sawa na pasi mbili za umeme na ushee zimeachwa zinawaka katika chumba cha mpangaji. Na kuku hatoki jasho. Joto likimzidi hupumua harakaharaka, na ule unyevu wa pumzi ndio unaoubeba moto wake. Ila wakipumua 246 ndani ya chumba kimoja, katika mji ambao hewa yake ya Februari tayari ni ya kukamua, pumzi haikauki tena. Wanahema bure. Nilisikiliza huku natazama feni niliyoazima, iliyofungwa kwa kamba dirishani. Siku tatu zilizofuata feni ile ilinipa usingizi.

Siku ya 29 saa nne usiku umeme ukakatika.

Mama mkwe ndiye aliyesikia kwanza, si kelele bali kimya cha feni. Tulipofungua mlango joto lilitupiga usoni kama mvuke wa sufuria ya ugali. Kuku walikuwa wamesukumana kwenye kona ya dirisha, tabaka juu ya tabaka, wakitafuta upepo uliokuwa umekwisha. Mke wangu hakupoteza muda na lawama. "Toa wote nje!"

Kumtoa kuku wa kienyeji ndani ni kufungua mlango tu. Kuku wa nyama haendi. Anataka kubebwa. Tuliwabeba wawiliwawili, watoto wakiwa na nguo za kulalia, binti wa SUA akipanga foleni ya ndoo, mama mkwe ameketi katikati ya ua akiwapepea kwa kanga na kuwaita majina ya ukoo wake. Jirani aliyepanda ukutani kuuliza kama ni mwizi akapewa kuku wawili awashike. Majogoo wa Singida walikaa juu ya tangi la maji wakitutazama. Umeme uliporudi saa nane usiku, ua wote ulikuwa umetandikwa kuku weupe, na kwenye kona ya dirisha nilihesabu 33 waliokufa kwa kulaliwa.

Asubuhi, kabla sijamaliza kuchimba shimo, akaja kijana mmoja kwa pikipiki, sijui nani alimwambia, akataka kununua wale vibudu kwa bei ya kutupa. Nakiri hapa kwamba nilinyamaza sekunde mbili zaidi ya inavyopaswa. Mke wangu akamjibu kwa niaba yangu, kwa maneno ambayo watoto waliagizwa kuyasahau.

Siku ya 35 tukapima, kwa mizani iliyoazimwa dukani. Wangu walikuwa 213, wastani wa kilo 1.3, lakini wastani huo ulificha mengi: walikuwapo wa kilo 1.7 waliolala mbele ya vyombo, na walikuwapo wa gramu 900 waliopita migongoni. Wa baraza walikuwa 39, wastani wa kilo 1.9, wote wanafanana kama ndugu. Mnunuzi wetu, kijana wa banda la chipsi, aliwageuza kuku wangu kifudifudi na chali. Akanionyesha vifundo vya miguu vilivyoungua rangi ya kahawia kwa maranda mabichi, na malengelenge vifuani. Akapanga bei mbili. Ya baraza aliilipa bila kubishana.

Bado nilikuwa na utetezi, na nautaja hapa kwa kuwa ni wa kweli. Kwa mita moja ya mraba mimi nilitoa kilo 23, mke wangu 18 na nusu. Chumba kilichosongamana kweli hutoa nyama nyingi kwa kila mita, ndiyo maana watu wazima wenye vyeti hushawishika. Niliyasema haya mezani, kwa heshima, mbele ya mama mkwe.

Mke wangu alifuta mikono, akaleta daftari. Alikuwa ameandika magunia. Tangu siku ya 16 kuku wake walikula magunia mawili na kidogo. Wangu walikula 11. Alinipa kalamu, nikapiga mwenyewe: kwa kila kilo iliyoongezeka mwilini, wake walitumia chini ya kilo 2 za chakula, wangu zaidi ya 3, maana ndani yake mlikuwa na kilo walizokula wale 33 kabla ya kwenda shimoni. Sakafu nilikuwa nayo bure. Chakula nilinunua.

Friji ilipatikana mwezi wa Mei, nusu yake kwa mshahara wangu. Mama mkwe alirudi Singida akituachia jogoo mmoja. Fundi ametoboa dirisha la pili, upande wa uani, la wavu kuanzia usawa wa goti.

Ijumaa iliyopita vifaranga wengine walifika. Boksi moja. Tukawawekea uzio kwenye kona, majiko, maranda, na chumba kizima kikabaki cheupe. Jirani yule wa ukutani akaja kuchungulia.

"Mwalimu," akasema, "mbona umeacha uwanja wote huu?"

Nikatazama. Kweli palikuwa na nafasi nyingi, nyingi mno, na walikuwa wadogo kweli. Nikafunga mlango haraka, na ufunguo nikampelekea Mama Rehema.