Unyusi Mmoja

Naandika haya nikiwa na unyusi mmoja. Wa kulia upo, mweusi, mnene, urithi wa marehemu babu. Wa kushoto ni mstari wa wanja ambao mke wangu hunichorea kila asubuhi kabla sijatoka. Huuchora akicheka, mkono ukimtikisika, kwa hiyo siku nyingine natembea mjini na sura ya mtu aliyeshangaa upande mmoja. Jana jasho la saa saba liliuyeyusha wote. Nilikuwa sokoni natafuta pesa mfukoni, muuza vitunguu akaniinulia macho, akanyamaza kidogo, kisha akanipunguzia shilingi kumi bila kuombwa.

Chanzo ni sentensi moja. Mpwa wangu, binti wa dada, alikuja likizo na daftari lake la kemia. Mimi humwita abti naye huniita abti, maana kwetu jina la ujomba huenda na kurudi. Katika daftari, kwa Kiingereza cha kitabuni, alikuwa amepigia mstari maneno yanayosema kwamba magnesi huwaka kwa mwali mweupe unaong'aa sana na kuacha unga mweupe. Nikamuuliza, "Mweupe kama nini?"

Akafikiri. "Mweupe wa kupewa alama, abti."

Ameshaiandika sentensi hiyo katika mitihani mitatu, na mara zote tatu amepata tiki. Mwali wenyewe hajauona. Maabara ya shule yao ina kufuli, na mwalimu aliyekuwa na ufunguo alihamishwa. Mtu mwenye akili angesema pole, akarudi kwenye chai yake. Mimi nilisema, "Basi nitakuonyesha," tena mbele ya mama mkwe, aliyekuwa mgeni wetu wiki hiyo.

Tulianza na chuma, kwa kuwa chuma kipo kila duka: ule waya laini wa kusugulia sufuria. Hapa niseme ukweli, niliingia kwa majivuno nikatoka nimetekwa. Msumari ukiutia motoni unakuwa mwekundu, ukiutoa unarudi ulivyokuwa, kama kijana aliyekwenda kukaa Nairobi mwezi mmoja. Joto linakimbilia ndani ya mwili wake na kupotea humo. Lakini chuma kilekile kikivutwa kuwa nyuzi nyembamba kama nywele, hewa inakigusa pande zote na joto halina pa kujificha. Ukikigusisha kaa la moto, cheche zinatambaa zenyewe, uzi kwa uzi, kama sisimizi wanaopita na taa. Hakuna moshi wala mwali. Ni chuma na oksijeni vinashikana, jambo la jamii moja na kutu, ila kutu huchukua miaka na hili linakwisha kabla hujamaliza kuita watoto waje waone.

Tukatundika hanga ya nguo kwenye msumari, waya wa sufuria huku, mawe madogo kule, mpaka ikalala sawa kama mizani. Nikatangaza kwamba upande wa waya ukiungua utapanda juu, kwa kuwa kitu kikiungua hupungua. Gunia la makaa tumeliona linavyoishia kuwa kibaba cha majivu. Mpwa hakunibishia. Alisema, "Haya, abti," kwa sauti ile ya wauguzi wanapokuambia hutasikia maumivu.

Upande wa waya ukashuka.

Mama mkwe akacheka ndani ya shungi. Ni kwamba oksijeni ina uzito, na chuma kikiungua hakiachii kitu kwenda juu, kinaipokea tu. Gramu 100 za chuma zikiungua sawasawa huweza kuishia kuwa gramu 138. Mfaransa Lavoisier alilitambua jambo hili miaka ya 1770, kwa mizani, wakati mabingwa wenzake wanashikilia kwamba kila kinachoungua hutokwa na kitu. Kwa hiyo nilikosea pamoja na wataalamu wa Ulaya nzima, wenye nywele za bandia. Lavoisier alikatwa kichwa mwaka 1794, si kwa kuchoma vyuma bali kwa kazi yake nyingine ya kukusanya kodi, na kwa nilivyotazamwa siku ile nadhani mama mkwe angeidhinisha hukumu ya namna hiyo kwa kosa dogo zaidi.

Magnesi nilipata Nairobi, katika duka la vifaa vya maabara. Ni utepe mwembamba wa kijivu, umeviringwa kama kipimo cha fundi cherehani. Nikautia mfukoni, nikapanda basi la kurudi Garissa.

Msafiri wa njia hii anajua kwamba kuna kushuka. Mnashuka, mnapanga foleni, mnaonyesha kipande, mnapekuliwa, mnapanda. Kwenye kizuizi kimoja askari alinigusa mfukoni akatoa utepe wangu, akauinua kwenye mwanga wa tochi. "Hii nini, mzee?"

Kiswahili kina akiba kubwa ya maneno. Ningeweza kusema ni kifaa cha shule, au madini ya mtoto, au hata kimya kingenifaa. Nilisema, "Ni chuma cha kuwaka."

Abiria wa mbele yangu akasogea. Wa nyuma akasogea. Nikabaki peke yangu barabarani kama nguzo. Nikaeleza habari za mpwa, daftari, mtihani, maabara, kufuli. Nikatoa simu kuonyesha picha ya ukurasa wa kitabu. Akaitwa askari mwingine, kijana, akaushika utepe, akaunusa. "Hii tuliisoma," akasema. "Mwali mweupe unaong'aa sana."

"Uliwahi kuuona?"

"Wapi!" Akanirudishia. Abiria walikuwa wamesimama nusu saa kwa ajili yangu, na hakuna aliyenisemesha tena mpaka daraja la Tana.

Usiku wenyewe ulikuwa Jumatano. Stima ilikatika baada ya magharibi, nikaona ni baraka, giza litasaidia. Mama mkwe alikuwa barazani anaswali isha, ameelekea ukuta wa kaskazini, maana kwetu Garissa kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja. Mpwa akasimama mbali nami kwa hatua tano, nilivyomwamuru. Watoto wakaamriwa wasiutazame moto wenyewe bali watazame ukutani, kwa kuwa mwanga wa magnesi hudhuru macho. Mpaka hapo nilikuwa mwalimu bora katika kaunti.

Kilichofuata ni kwamba utepe ulikataa. Niliushika kwa koleo nikawasha kiberiti, njiti ikaisha. Ya pili, ya sita, ya kumi. Utepe huu huvaa koti jembamba la oksidi lililotokana na hewa, na ndiyo sababu unaonekana wa kijivu. Usipolisugua kwa msasa unazira. Isitoshe, joto la njiti linakimbia likifuata utepe mpaka kwenye koleo. Haya yote nimeyasoma baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba watu sita wananisubiri, na mmoja wa watoto ameuliza kama ni lazima tusubiri.

Nikaiona dabqaad.

Dabqaad ni chetezo chetu, cha kuchomea unsi, yaani uvumba. Hii ilikuwa ya mama mkwe, amekuja nayo ndani ya kanga tatu, jiwe jeupe lililochongwa El Buur kule Somalia, mali ya mama yake. Ilikuwa na makaa mekundu. Nikakunja vipande vyote vya utepe nilivyokwishakata, nikavilaza juu ya makaa, nikainama nikapuliza.

Sina pa kuufananisha. Si kama stima kurudi. Si kama radi, maana radi hupita. Ua mzima uligeuka mchana bila rangi. Majani ya mwarobaini yakahesabika, mbuzi wakatokea mmoja mmoja na macho yao, na kila kitu kikatupa kivuli cheusi kama kilichomwagwa wino. Mwali huo hufikia nyuzi kama 3000 za Selsiasi, na chuma chetu cha msumari huyeyuka kwenye 1538. Weupe wake unatokana na chembe za oksidi zinazoundwa humohumo na kung'aa kabla hazijawa moshi. Mpwa alisema neno moja tu, "Aabo!" Ni baba yake aliyemwita, wala hayuko Garissa.

Nikaogopa, nikamwagia maji ya birika la udhu.

Naomba mwenye magnesi nyumbani anisikilize. Moto mwingine ukiunyima hewa unakufa, na maji huupoza. Huu ukiumwagia maji unayapasua, unachukua oksijeni yake kwa nguvu na kuiachia haidrojeni, ambayo nayo ni moto mwingine. Ukiupulizia kaboni dioksidi, gesi iliyo kwenye baadhi ya mitungi ya kuzimia moto, unaipora oksijeni vilevile na kuacha masizi meusi. Hata naitrojeni, ile gesi pole ambayo vitu karibu vyote huiacha ipite, magnesi huila kidogo. Kinachoufaa ni mchanga mkavu. Mchanga mkavu, ndugu msomaji. Nilikuwa nimesimama juu ya mchanga. Mji wote umekaa juu ya mchanga. Nikapita juu yake kwenda kuchukua birika.

Mlipuko haukuwa mkubwa, mvuke, majivu, na "pu!" moja ya kifua. Ukatosha kuondoka na unyusi. Dabqaad ikapasuka vipande viwili kwa ubaridi wa ghafla. Kisha, katika giza lililorudi zito kuliko mwanzo, ikaja harufu kali ya mkojo. Mbuzi akafukuzwa. Maskini, hakuwa na kosa: ile naitrojeni iliyoliwa na magnesi ikikutana na maji hutoa amonia. Nilijaribu kulieleza hilo hapohapo, uso ukifuka moshi, na hakuna aliyelitaka.

Nililolipata siku ya pili ndilo lililoniumiza zaidi. Lile jiwe la El Buur huitwa sepiolaiti, na ndani yake mna magnesi, iliyokwishafungamana na silikoni na oksijeni tangu zamani za kale, imetulia, haitamani tena kuwaka. Nilisafiri kilomita zaidi ya 700 kwenda na kurudi, nikapekuliwa mbele za watu, kutafuta kitu ambacho mama mkwe alikuwa amekileta ndani ya kanga.

Mzee wa nyumba kumi alifika na tochi kabla sijapata kioo. Nikaeleza. Majirani wakaja, nikaeleza. Asubuhi habari ilikuwa imevuka mto hadi Madogo kwamba transfoma imelipuka na kumwua mtu mwenye unyusi mmoja. Tukacheka. Nilicheka mwenyewe.

Jirani wa ukuta wa pili hakucheka. Aliniambia polepole, bila hasira, kwamba ulipoingia ule mwanga dirishani aliwalaza watoto wake chini sakafuni, akawalalia juu, wakakaa hivyo hadi aliposikia sauti ya mke wangu akinigombeza. Yeye alisikia risasi za alfajiri ya Aprili 2, 2015, siku watu 148 walipouawa katika chuo kikuu chetu, wengi wao wanafunzi. Sikuwa na la kumjibu. Nilifunika uso kwa taulo, na kwa mara ya kwanza sikufunika kwa ajili ya unyusi.

Tangu siku hiyo ucheshi umeniingia ndimu. Hofu iliyomlaza jirani sakafuni na kufuli la maabara ni watoto wa mama mmoja. Novemba 2014 basi lilitekwa karibu na Mandera, watu 28 wakauawa, walimu wakiwemo. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, hapahapa kaunti ya Garissa, na walimu wasio wenyeji wakahamishwa kwa wingi kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Siwalaumu waliokwenda, na mimi ningekwenda. Lakini mtihani haukuhama. Karatasi ya tatu ya kemia, ile ya vitendo, inakuja na alama zake 40, ileile kwa mtoto aliyeunguza utepe mara kumi na kwa mtoto aliyeukariri. Kisha matokeo yakitoka husikii wakisema hawa hawakuwa na mwalimu. Wanasema watu wa kule hawapendi sayansi. Hawapendi! Mtoto ameikariri rangi ya moto asioujua kama mtu anavyokariri jina la mji wa ahera, halafu hapendi.

Majaribio mengine tuliyafanya, kwa ufupi. Waya wa shaba ulitoa mwali wa kijani kizuri sana, na ulikuwa wa chaja ya mke wangu. Chumvi ilitoa njano. Kifuniko cha aluminiamu hakikuwaka, kiliyeyuka, na chai ya siku mbili ilipikwa wazi. Mabati tuliyaacha: fundi wa kuchomelea aliniambia moshi wa zinki umemlaza na homa zaidi ya mara moja, na yeye anaamini dawa yake ni maziwa ya ngamia, ambayo mimi nakunywa bila homa.

Dabqaad nimeifunga kwa waya. Inashika makaa, inavuja majivu. Mama mkwe hakunisema hata neno, nami siku tatu nilipita kwa mlango wa nyuma. Jumamosi jioni aliniita, nikaenda nikakaa chini, nikainamisha kichwa pamoja na wanja wangu.

"Kile ulichochoma," akasema, "kimebaki?"

Nikamwomba radhi upya, kwa chombo, kwa mama yake, kwa swala.

"Sikuulizi hayo. Mimi nilikuwa naelekea kibla. Niliona kivuli changu tu ukutani, mpaka nyuzi za shungi. Sijawahi kujiona hivyo." Akanyamaza. "Nataka kuuona wenyewe."

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja, urefu wa kidole. Nikaenda kumtafuta mpwa. Alikuwa anafunga sanduku la kurudi shule, na kipande kile amekwisha kukitia ndani ya kibweta cha bikari na rula, amekisugua kwa msasa, kinang'aa. Darasani kwao wako 52, akaniambia, na ameshawaahidi.