Kwa Heshima ya Mvungu

Makabati yamesifiwa vya kutosha. Mafundi huyapiga randa na vanishi, maharusi huzawadiwa, wageni huyagonga milango na kusema, "Hii mninga kweli." Mvungu wa kitanda cha watoto haujawahi kusifiwa na mtu, ingawa ndio unaobeba nyumba. Jukumu hilo nalichukua leo, hapa Kighare, katika milima ya Upare, ambako kila mwenye kitu asichojua pa kukiweka hukielekeza chumba cha watoto.

Nianze na ukarimu wake. Kabati likijaa hugoma kufungwa, likamwaibisha mwenye nyumba mbele za watu. Mvungu haujai. Katika mvungu mmoja ninaoufahamu, nyumba ya jirani, kuna kiatu cha shule cha mguu wa kushoto chenye udongo mwekundu wa masika ya mwaka jana. Daftari la Hisabati ambalo mwalimu aliambiwa limeliwa na mbuzi. Soksi zisizo na undugu wowote. Gari la waya lenye magurudumu ya kandambili. Na mpira uliosokotwa kwa mifuko ya rambo. Mpira huo ni wa kuvuliwa kofia. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, ikatoweka madukani na sokoni, lakini mvunguni bado ipo, imefungwa kamba ya katani, na jioni hutoka kwenda kucheza. Hata tarehe 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru na kuwataka Watanzania washike mafagio, mitaro ilizibuliwa na masoko yakafagiliwa nchi nzima. Sikusikia mvungu uliofikiwa.

Una huruma pia. Huku juu, ikifika Juni na Julai, ukungu hushuka na kukaa asubuhi nzima. Nguo zilizofuliwa Jumamosi huingizwa ndani zikiwa bado na ubichi, zikarushwa kitandani "kwa muda tu". Usiku ukiingia mtoto anataka kulala. Hawezi kuzikunja, maana zina maji. Hawezi kuzitundika, maana msumari upo kwa kimo cha baba yake. Anazisukuma chini. Hakuna kwingine ambako zingepokelewa bila maswali.

Lakini utukufu wake mkubwa ni wa kisheria. Sisi Wapare tunasemwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Wanaotusema hawajui tunasomea wapi. Msikilize mama wa nyumba ile akiwa amepiga magoti, mkono mvunguni:

"Suruali hii ya nani?"

"Si yangu mama, ya kaka."

"Ilikuwa yangu. Mama si ulimpa yeye Krismasi?"

"Nilipewa, ila sijaivaa. Hainitoshi."

"Kama hujaivaa, hayo matope magotini yametoka wapi?"

Hapo dada mdogo, asiyeulizwa, anaomba kutoa ushahidi. Anakumbusha kwamba hata yule anayeuliza alishawahi kuivaa siku ya kupalilia, ndani ya kanga. Shauri linaahirishwa kwa sababu makande yameiva, na suruali inarudi mvunguni kama kielelezo. Mtoto aliyelelewa hivyo, kesho akisimama barazani kutetea mpaka wa shamba, nani atamweza?

Kwa hiyo nawapongeza wazazi wanaoulinda mvungu kwa amri ile moja isiyochoka: "Pangeni chumba!" Ni amri nzuri sana kwa sababu haina pa kushikia. Siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha ndiva, lile bwawa la mababu linalojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi ili maji yashuke mashambani, hakuna anayeita watu na kuwaambia, "Tengenezeni maji." Huyu anaambiwa atoe tope, yule akate majani ya mfereji, mwingine azibe panapovuja, na kazi inakwisha. Nyumbani tumekuwa werevu zaidi. Mtoto wa miaka sita anaachwa katikati ya chumba aamue mwenyewe kupanga ni nini, kunaanzia wapi na kunaishia wapi. Anakaa chini, anaokota gari la waya, anaanza kuliendesha. Mvungu unasalimika hadi Jumamosi ijayo.

Maadui hawakosekani. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, akawawekea samani za kimo chao ili mtoto achukue kitu mwenyewe na akirudishe mwenyewe. Uchochezi mtupu. Mjapani Marie Kondo aliuza mamilioni ya vitabu vya kupanga nyumba. Namshukuru kwamba mwaka 2023 alikiri kuwa, tangu apate mtoto wa tatu, ameacha kuhangaika sana na unadhifu wa kwake. Angalau huyo tumempata.

Hatari halisi ilishuka kwenye basi la kutoka Same: shangazi wa watoto wa nyumba ile, mwalimu mstaafu. Baada ya shikamoo na marahaba akaomba nyundo. Misumari ikashushwa hadi kifuani pa mtoto mdogo. Maboksi ya sabuni yakaletwa kutoka dukani, na kwa kuwa mdogo hajui kusoma, shangazi akachora soksi kwenye boksi la soksi. Kazi yenyewe ikapewa muda kati ya makande kuwekwa jikoni na kupakuliwa, kila mtoto na jambo moja, na yeye shangazi amekaa sakafuni akikunja pamoja nao. Kitu ambacho hakikupata boksi akauliza: "Hiki cha nani?"

Swali hilo ndilo lililoleta balaa. Mkungu wa ndizi za kuvundika ulikuwa wa mama. Gunia la maharage, la mama. Tangawizi iliyotumwa na ndugu walioko Mamba, redio isiyolia, godoro la wageni wa Desemba, faili nene la kesi ya shamba: vya baba. Vitu vya watoto vilipotengwa havikujaza hata nusu ya vile. Hawa ni wajukuu wa watu ambao mwaka 1945 walishuka Same kwa maelfu kukataa kodi ya mbiru, na wanawake nao wakaandamana, kwa sababu hakuna aliyeweza kuwaeleza kila mmoja amekadiriwa vipi. Dada mdogo akatazama rundo, akamtazama baba yake, akauliza kama viboko vya Jumamosi zilizopita navyo vitagawanywa upya.

Baba alitoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Sasa nasikia chumba kile kimekaa nadhifu, hata sakafu inaonekana, nami naomboleza. Faraja yangu ni moja. Gunia, mkungu, redio na faili vimehamia chini ya kitanda cha wazazi, na huko vimelala kwa amani, maana hakuna wa kusimama mlangoni pa chumba hicho akaamuru kipangwe.